Presha ya pool iko kwenye kiti: ninavyoiandaa timu kwa mashindano

Siku tuliyopoteza fainali ya mkoa kwa 13–12 karatasi ya matokeo nilikuwa nimeishika mimi. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku. Gemu ya mwisho ilimwangukia mchezaji wetu bora, kijana wa bodaboda ambaye pale Mji Mpya, Morogoro, akiinama mezani watu huacha glasi zao wakasogea kumwangalia. Alibakiwa na mpira mweusi peke yake, ule unaoingizwa mwisho ukishamaliza mipira ya rangi yako, umenyooka na shimo la kona, na mweupe, ule tunaoupiga kwa stiki, umekaa nyuma yake kama umepangwa kwa mkono. Akakosa kwa upana wa kucha. Mpinzani alikuwa na mipira miwili ya njano imekaa wazi. Akaisafisha, akamalizia mweusi, na sisi tukaanza kukusanya stiki zetu.

Usiku ule niliamini kijana ameogopa. Baada ya wiki moja, nikiwa kwenye cherehani, niliifungua tena ile karatasi. Nina tabia ya kuandika saa kila gemu inapoanza na inapokwisha. Gemu yake ya nne ilikwisha saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni. Hapo katikati umeme ulikatika, ukarudi, kisha ukazuka ubishi wa sheria kati ya refa na nahodha mwenzangu. Kijana alikaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima na dakika ishirini na tano, hakuinuka hata kunywa maji, kisha tukamwita akapige gemu ya kuamua ubingwa. Hakuwa mwoga yule. Mkono ulikuwa umepoa, na mimi nahodha ndiye niliyeuacha upoe.

Tangu hapo nimebadili karibu kila kitu katika maandalizi yetu. Nayaandika kwa ajili ya nahodha yeyote wa timu ya baa, hasa yule ambaye timu yake nyumbani inatisha lakini ikisafiri inageuka kuwa watu wengine.

Fanya kwanza hesabu hii. Mashindano mengi tunayocheza huenda hivi: watano kwa watano, kila mmoja wetu anakutana na kila mmoja wao, jumla gemu 25, na wa kwanza kufika 13 ameshinda. Chukulia gemu moja ni dakika sita. Kwa meza moja hizo ni dakika 150. Mchezaji wako ana gemu tano, yaani dakika 30, na nusu ya hizo aliyeinama mezani ni mpinzani. Kwa hiyo katika saa mbili na nusu anapiga kwa dakika 15. Dakika 135 zilizobaki yuko kwenye kiti, au amesimama pembeni anasubiri mwenzake akosee. Na mazoezi yetu yalikuwaje? Mtu anapiga saa mbili mfululizo, mkono unachemka, anaingiza kila kitu, anarudi nyumbani akijiona bingwa. Tulijiandaa kwa zile dakika 15. Zile 135 hatukuwahi kuziwaza.

Mwezi mmoja kabla: meza, nguo na stiki

Meza zetu ni za sarafu. Mpira ukitumbukia umekwenda, hutauona mpaka ulipie gemu nyingine, na ukitaka kurudia shoti moja mara thelathini utafilisika. Wengi huziba mashimo kwa matambara. Tambara hukaa vibaya, mpira unaligonga na kuruka nje, na mchezaji anajifunza uongo. Mimi nimeshona vimfuko sita vya jinzi, urefu wa kiganja, nikavijaza mabaki ya vitambaa vya kazini. Vinazama ndani ya shimo, vinabaki chini kidogo ya mdomo wake, na mpira unaingia ukakaa hapo hapo unaouona. Unalipia gemu moja tu ya kuitoa mipira, basi.

Lakini usizibe meza ya mtu kimyakimya, maana ndiyo riziki yake. Nilikwenda kwa mwenye baa, tukakubaliana Jumapili kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, kabla wateja hawajaja. Tunamlipa kiasi tulichopatana, tunaipiga meza brashi tukimaliza, na yeye sasa ndiye anayetukumbusha tukichelewa.

Kisha ulizia meza za huko mnakokwenda. Swali la kwanza liwe juu ya mweupe. Kwenye meza nyingi za sarafu mweupe ni mdogo kuliko mipira mingine: milimita 47.6, na hiyo mingine ni milimita 50.8. Udogo huo ndio unaoiwezesha meza kuutenga na kukurudishia kila unapotumbukia. Macho hayaoni tofauti kubwa, ila kwa uzito mweupe huo umepungua kama asilimia 18, na ndiyo maana unarudi nyuma kirahisi ukiupiga chini na unachoka mapema ukitaka usonge mbele baada ya kugonga. Kuna meza zenye mweupe wa ukubwa sawa na mingine, wenye chuma ndani. Huo ni mzito, unasukuma mbele, na mchezaji aliyezoea mdogo atashangaa gemu tatu nzima kwa nini kila shoti inamwacha mahali asipopataka. Gemu tatu kati ya 25 si kidogo. Tulipojua mapema kwamba tunakwenda kwenye meza za mweupe mzito, niliazima mpira wa aina hiyo kwa mwenye baa mwingine, tukaufanyia mazoezi Jumapili mbili.

Halafu nguo ya meza. Hapa niruhusuni nizungumze kama fundi. Nguo ile ina manyoya, na manyoya yana mlalo, kama velveti. Pitisha kiganja kutoka upande wa kupasulia, pale inapopigwa shoti ya kwanza ya kuitawanya mipira, kwenda upande wa mweusi, pale mipira inapopangwa: ukihisi laini, unakwenda na mlalo; rudisha mkono, utahisi ukwaruzo. Mpira wa kasi haujali. Mpira wa polepole unaokatisha meza kwenda shimo la kati huvutwa upande manyoya yanakolalia, na mchezaji huapa kwamba meza imepinda. Wafundishe wachezaji wako kuipapasa nguo kwa macho na kwa kiganja kabla ya kitu chochote. Masika nguo hunywa unyevu na mipira inakuwa mizito kutembea, kwa hiyo nguvu mliyoizoea kiangazi haitatosha.

Stiki sitaisemea sana. Ngozi ya ncha kama imechoka ibadilishwe wiki mbili kabla, isiwe siku mbili, ili ikae na izoeleke. Asiye na stiki yake apewe moja na timu, aishike hiyo hiyo mwezi mzima.

Mazoezi ya kukaa

Hiki ndicho kiini, na ndicho timu nyingi hazifanyi kwa sababu kinaonekana kama kupoteza muda.

Tunakiita mweusi wa Jumapili. Kila mchezaji ana shoti moja tu kwa Jumapili nzima. Nauweka mweusi karibu na katikati ya meza, mweupe naubandika karibu na ukingo ili stiki iinuke kidogo na kushika kuwe kwa shida. Mchezaji amekaa kwenye kiti cha plastiki dakika arobaini, simu yake iko kwenye beseni langu pamoja na za wenzake. Hajui nitamwita lini. Nikiita jina lake, wote wanaacha wanachofanya, wanasimama kuizunguka meza, spika inapigwa juu, na yeye anapiga. Ukiingia umeingia. Ukikosa unangoja Jumapili nyingine, na matokeo yako yanabandikwa ukutani.

Mwezi wa kwanza, watu saba kwa Jumapili nne, shoti 28, ziliingia 11. Wale wale, shoti ile ile, wakiwa wamechemka baada ya nusu saa ya kupiga, hawakosi hata moja kati ya tano. Mzee wetu wa bucha alipoiona ile karatasi ukutani alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mama, kumbe miaka yote hii tulikuwa tunafungwa na kiti." Mwezi wa tatu ziliingia 19.

Kilichobadilika ni utaratibu tuliouita gemu mbili kabla. Zikibaki gemu mbili zamu yako ifike, unainuka. Unakwenda msalani, hata kama huhisi haja. Unanawa mikono na kuikausha kabisa, kwa kuwa jasho linafanya stiki isiteleze kwenye vidole. Unaifuta stiki kwa kitambaa kikavu, unakwenda pembeni ya ukumbi, unainama kana kwamba kuna meza mbele yako, na unapeleka stiki mbele na nyuma mara ishirini, taratibu, bega na kiwiko vipate moto. Kisha unarudi na kusimama, hukai tena, unaangalia mipira inavyotembea: nguo ina kasi gani leo, kingo zinarudisha vipi. Ukiitwa, mwili wako tayari uko mezani.

Mara mbili kwa mwezi nakatisha gemu katikati, bila onyo, kana kwamba umeme umekatika. Mipira inabaki ilivyo, wachezaji wanakaa dakika ishirini, kisha wanaendelea. Mara ya kwanza walinikasirikia sana. Sasa umeme ukikatika kwenye mashindano wanatazamana tu, na yule mwenye zamu anaanza kutembea taratibu kando ya ukuta.

Kuhusu kuhema: toa pumzi ndefu kabla hujainama, si ukiwa umeinama. Na hesabu ya kupima, yaani kupeleka stiki mbele na nyuma bila kuugusa mpira kabla ya kupiga, iwe moja siku zote. Mwalimu, mmoja wa wachezaji wetu, anapima mara tatu kisha anapiga, dada yetu wa mitumba mara nne. Presha ikipanda, watu hupunguza bila kujua. Nikimwona mwalimu amepiga baada ya kupima mara moja, najua moyo unamdunda, hata kama uso ametuliza.

Mipira mitatu ya mwisho

Gemu haipotei kwenye mipira ya kwanza. Kila mtu anajua kuingiza ile minne iliyokaa wazi. Kisha anabakiwa na mmoja uliogandana na ukingo, mweusi umezibwa, na mpinzani ana mipira sita mezani, yote imekaa kama askari mbele ya mashimo. Wewe uliyekuwa unaongoza ndiye uliyefungwa.

Kabla ya kuingiza mpira wa kwanza, mchezaji wangu anatakiwa aupate kwa macho ule mpira wa shida na aamue atautatua kwa shoti ya ngapi. Kama hauna dawa katika zamu hiyo, asiimalize mipira yake mizuri. Aingize mmoja au miwili, kisha auache mpira wake mdomoni mwa shimo analolihitaji mpinzani, na mweupe aufiche. Mpira uliokaa mdomoni mwa shimo ni wako saa yoyote, na wakati huo huo ni mlango uliofungwa kwa mwenzako. Vijana hawapendi kuambiwa hivi, kwa sababu watazamaji hushangilia mipira inayoingia. Dogo wetu wa miaka kumi na tisa ilimchukua miezi minne kukubali.

Zoezi lake ni jepesi: tawanya mipira yako miwili na mweusi, weka mweupe popote kwa mkono, safisha yote mitatu. Ukiweza mara tano mfululizo, ongeza mipira miwili ya mpinzani iwe kizuizi. Kabla ya kila shoti sema kwa sauti mweupe utakaa wapi. Ukiingiza mpira lakini mweupe ukaenda kwingine, hesabu kwamba umekosa.

Nani awe wa kwanza, nani wa mwisho

Niliwahi kumweka mchezaji bora mwisho, kama wengi wanavyofanya. Fikiria mechi inayokwisha 13–7. Imekwisha kwenye gemu ya 20. Raundi ya tano haikuchezwa kabisa. Na ikiisha 13–5, yule wa mwisho amecheza gemu tatu tu. Silaha yako kubwa umeifungia kabatini.

Sasa anayeanza ni mzee wa bucha. Si hodari kuliko wote, ila hana papara, na gemu ya kwanza ikianza taratibu timu yote inashusha pumzi. Kijana wa bodaboda anafuata. Dogo namweka katikati, ana mtu mzima mbele na nyuma yake. Nafasi ya tano nampa mwalimu, kwa sababu huyo anajua kukaa. Kwenye karatasi ya ukutani ndiye aliyeingiza mweusi wa Jumapili mara nyingi kuliko sisi wote. Kwa mtu wa mwisho ndicho kipimo ninachotumia, sitazami nani anapiga vizuri.

Sheria na mikono ya jezi

Tangu enzi za mashindano ya Safari Lager, timu za baa nchini zimezoea kupanda kutoka mkoani hadi fainali za taifa, na huko juu hakuna sheria za baa. Zinatumika za blackball: saba myekundu, saba ya njano, mweusi mmoja, meza ya futi 7. Kaeni pamoja jioni moja mzisome kwa sauti. Ukipasua, angalau mpira mmoja uingie au miwili ivuke mstari wa kati, vinginevyo umefanya kosa. Mweusi ukiingia wakati wa kupasua, mipira inapangwa upya; pale kwetu huo ni ushindi, na dogo aliwahi kurusha mikono juu ukumbi mzima ukimwangalia, mpaka refa alipoanza kuipanga mipira tena. Ukigonga mpira wako, kitu fulani kiingie au kiguse ukingo, isipokuwa kama ulikuwa umefichwa, yaani njia ya kwenda kwenye mipira yako imezibwa. Ukikosea, mwenzako anaanza na shoti ya bure, anaruhusiwa kuanza na mpira wowote. Mweusi ukitumbukia pamoja na mweupe, gemu imekwenda. Kwenye kikao cha manahodha uliza lolote lenye utata, na jibu uliandike.

Kugusa mpira kwa nguo nako ni kosa. Mkono wa shati uliolegea ukiburuza juu ya mpira, refa hana huruma. Jezi zetu nilizipunguza mikono mwenyewe, inashika juu kidogo ya kiwiko. Aghalabu waandaaji hutaka suruali nyeusi na viatu vya kufunika, kwa hiyo wachezaji wangu huvivaa hivyo hivyo Jumapili ya mwisho ya mazoezi, wavizoee.

Siku yenyewe

Tunafika mji wa mashindano siku moja kabla. Asubuhi uji na chapati. Mchana hakuna ugali wa kushiba, maana usingizi wa saa nane umetufunga zaidi ya timu yoyote. Tunakula ndizi, karanga na maji kidogo kidogo. Bia ni baada ya gemu ya mwisho ya siku, na hili halina mjadala hata kwa mzee.

Kuna jambo lililotuumiza ambalo hakuna aliyenionya: pesa za mashabiki. Mtu amekusafirieni, ameweka dau pembeni, anamfuata mchezaji kitini na kumwambia, "Usiniangushe, nimeweka kodi ya nyumba." Mchezaji huyo hapigi tena mpira mweusi, anapiga kodi ya nyumba. Siku hizi viti vyetu navipanga ukutani, mimi nakaa cha mwisho kwa nje, na anayetaka kuzungumza na mchezaji anapitia kwangu. Simu ziko kwenye beseni.

Mchezaji akiinuka kwenda mezani ninayesema naye ni mimi peke yangu, na namuuliza kitu kimoja: "Mweupe utakaa wapi?" Kichwa chake kinakwenda kwenye mpira, kinaacha matokeo. Gemu ikianza hakuna ushauri tena, na refa hauruhusu. Akirudi amefungwa, anapewa maji, anakaa kando ya mzee wa bucha, na hakuna anayeitaja ile shoti mpaka tumerudi tulipolala. Huko nafungua daftari.

Mwaka jana tulifika 12–12 tena. Ilikuwa zamu ya mwalimu. Gemu mbili kabla alikuwa ameshainuka, nilimwona anatembea kando ya ukuta na stiki yake, anaifuta. Alibakiwa na mweusi, haukunyooka kama ule wa kijana wa bodaboda, ulitaka kuguswa pembeni tu. Akainama, akapima mara moja, akainuka. Akaizunguka meza. Akatoa pumzi, akainama tena, akapima mara tatu. Mweusi ukaingia polepole hadi nikadhani umesimama mdomoni.

Kesho yake tulifungwa 13–8 na timu iliyotuzidi kupasua. Nimeliandika hilo daftarini. Jumapili hii vimfuko vinabaki nyumbani, kwa sababu ukipasua mipira miwili hufuatana shimo moja ikakwama juu ya kimfuko, na nimeshaanza kuwachangisha sarafu.